Umaskini wa Zimwi: Taharuki katika Filamu za Kisayansi za Gharama Ndogo

Wahakiki wanapozitaja filamu za mazimwi zilizotolewa Marekani katika miaka ya 1950, hasa zile za bunilizi ya kisayansi zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, huzicheka kwanza na kuzisamehe baadaye. Huyacheka mavazi na wanasesere. Kisha hueleza kwamba mtengenezaji hakuwa na fedha, na hoja hufungwa hapo. Msamaha huo hauna msingi. Kasoro kubwa ya filamu hizo ni ya usimulizi.

Filamu ya The Giant Claw, iliyoongozwa na Fred F. Sears na kutolewa mwaka 1957, ni ushahidi tosha. Inamhusu ndege wa ukubwa wa kutisha aliyetoka katika galaksi ya mbali, akilindwa na ngao ya antimata inayomfanya asionekane katika rada. Mwanzoni hadhira haimwoni ila kama ukungu unaopita angani kwa kasi. Mhusika mkuu anasema ameona kitu kikubwa kama manowari, wakubwa hawamsadiki, ndege za abiria zinaanguka. Hadi hapo taharuki inajengeka, na haijagharimu kitu. Mara ndege mwenyewe anajitokeza: mwanasesere mwenye shingo ndefu, macho yaliyotumbuka na kishungi cha nywele utosini. Waigizaji walikuwa wamepigwa picha wakitetemeka mbele ya anga tupu. Jeff Morrow, aliyeigiza mhusika mkuu, alieleza baadaye kwamba alimwona ndege huyo kwa mara ya kwanza katika jumba la sinema, huku watazamaji wakicheka. Hata hivyo mwanasesere anarudishwa tena na tena, kana kwamba hadhira ikimzoea ndipo itakapomwogopa. Ni ukata gani uliomlazimisha mwongozaji kufanya hivyo? Kumficha kungekuwa rahisi zaidi.

Robot Monster ya Phil Tucker (1953) ina kasoro nyingine, nayo ni nzito zaidi. Zimwi lake, Ro-Man, limevikwa vazi la sokwe na kofia mfano wa ile ya mzamiaji, na kwa sababu hiyo limekuwa mzaha wa kudumu. Wanaocheka husahau kwamba Ro-Man ameamriwa kuwaua binadamu wachache waliosalia, na kwamba anashindwa kutii kwa kuwa moyo wake umevutwa na msichana mmojawapo. Huo ni mgogoro wa nafsi ambao mtunzi wa tanzia asingeukataa. Tucker anaugusa kwa dakika chache tu. Ro-Man anauawa na mkubwa wake, na mwishowe mtoto anazinduka, kumbe yote yalikuwa ndoto. Dhamira imetelekezwa, na wala haikuhitaji hata senti moja ya ziada.

Ngano ya Sultani Majinuni, iliyomo katika mkusanyo wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, inaonyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa kwa maneno matupu. Nunda wa ngano hiyo ni paka wa sultani mwenyewe. Anaanza kwa kula mifugo, na sultani anakataa auawe, kwani paka ni wake na mali inayoliwa ni yake; paka anaishia kula watu, wakiwamo wana wa sultani. Mwana mdogo anapotoka kumsaka anaua mbwa, akidhani ndiye. Mama yake anamwambia siye. Anarudi mwituni na kuua wanyama wakubwa zaidi na zaidi, hata tembo, na kila mara jibu ni lile lile. Hadhira inapomfikia nunda imekwisha kumpima kwa kila mnyama ambaye si yeye. Tena inajua nani aliyemfuga. Ndege wa Sears hakufugwa na mtu. Ametoka angani tu, na mtaalamu wa maabara anapewa muda mrefu wa kueleza antimata badala ya kueleza hatia.

Jambo hili lina uzito pia katika kuzihakiki filamu za video za Tanzania, zilizoshamiri tangu miaka ya 2000, ambamo majini na mazimwi hayakosi. Mwanafunzi anayefundishwa kuanza na ufinyu wa bajeti humvua mtunzi lawama, na papo hapo humnyima sifa pale anapostahili.

Huenda ikadaiwa kwamba ngano ni ya sikio na filamu ni ya jicho, kwa hiyo ulinganishi huu hauna haki. Dai hilo linajibiwa na Cat People ya mwaka 1942, ambayo si ya kisayansi lakini nayo ilitengenezwa kwa gharama iliyokuwa chini ya dola 150,000. Mtayarishaji Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur walimweka mwanamke peke yake ndani ya bwawa la kuogelea usiku, wakampa hadhira vivuli ukutani na mngurumo, mnyama haonekani. Kampuni iliposhikilia kwamba chui mweusi lazima aonekane mahali fulani, Tourneur alimwingiza katika chumba cha wachoraji wa ramani za meli, akamwacha gizani kati ya meza, mwanga ukitoka chini ya vioo vya kuchorea.