Albamu ya Arusi ni Amana

Njiru ni mbali na bahari. Ukitoka katikati ya Nairobi, ukafuata barabara ya Kangundo, ukaipita Komarock na Kayole, utafika mahali ambapo mawe ya kujengea yamechimbwa miaka mingi hata ardhi imebaki na mashimo, na kando ya mashimo hayo majumba mapya yanaota kama uyoga. Huko sasa wanaishi watu wa kila kabila, na miongoni mwao wamo jamaa zetu wa pwani waliofuata kazi na biashara barani.

Hivi majuzi tulikwenda huko kutoa mkono wa hongera kwa jamaa walioozesha binti yao. Nikahi ilifungwa Mombasa, kisha walima ya pili ikafanywa Njiru kwa ajili ya majirani. Tuliandaliwa kahawa na kaimati, na mama wa nyumba akatuletea albamu kubwa, jalada lake limevikwa kitambaa cha kisutu, ile khanga ya arusi tuijuayo sote. Tulipomaliza kuitazama tukauliza kama ziko picha nyingine. Yule mama akacheka.

"Ziko, mwanangu," akasema. "Lakini hii ndiyo ya wanaume, itazame utakavyo. Ile ya wanawake haitoki chumbani."

Hatukuiona, wala haikutupasa kuiona. Lakini jibu lile ndilo lililotufanya tuandike maneno haya leo, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wengi wetu tumelisahau.

Albamu zote mbili zilitengenezwa kwa mkono na mpiga picha mwenyewe, mwanamke wa mtaa ule ule. Tulipomwendea alitueleza kazi yake bila ya majivuno. Hukata kadibodi nzito kwa ajili ya jalada, akaivika kitambaa kwa gundi, kisha akailaza chini ya uzito usiku kucha ili isipinde. Kurasa huzishona kwa sindano na uzi imara. Kwenye mgongo, kati ya ukurasa na ukurasa, hutia kipande chembamba cha karatasi, maana bila ya hicho albamu ikishajaa picha hufura mbele na kupasuka nyuma. Picha hazigandamizwi kwa gundi, bali hushikwa kwenye pembe zake nne, na juu ya kila ukurasa hulala karatasi nyororo ili picha isisuguane na mwenzake. Picha za wanawake huzichapa nyumbani kwake kwa mashine yake mwenyewe. Kazi ikiisha, kadi ya kamera na albamu vyote huingia mkononi mwa wenye arusi, na yeye huzifuta picha zilizobaki kwake.

Msomaji ataona kwamba hiyo ni taabu kubwa kwa kitu kinachopatikana dukani. Lakini waulize waliooa katika miaka ya 1970 na 1980, siku zilipoingia zile albamu za kurasa zenye gundi zilizofunikwa kwa plastiki. Wakizifungua leo watakuta gundi imegeuka manjano, plastiki imegandamana na picha, na ukijaribu kuibandua unang'oa uso wa bibi arusi. Joto na unyevu wa pwani yetu umezidisha madhara hayo. Kinyume chake, picha nyingi za zamani za rangi nyeusi na nyeupe zilizowekwa kwa pembe katika kurasa za karatasi zingali safi.

Kudumu kwa picha, hata hivyo, si ndilo jambo kubwa. Jambo kubwa ni kujua picha iko mikononi mwa nani.

Pwani yetu ilijua kamera mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa tayari ina studio, na iliyofahamika sana ni ile ya A. C. Gomes. Mwaka wa 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini humo humo. Mombasa ilikuwa na N. V. Parekh, ambaye jamaa nyingi za Kiswahili, Kiarabu na Kihindi zilikwenda kwake kupigwa picha zikiwa zimevaa mavazi mazuri. Lamu ilikuwa na marehemu Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka wa 1993, fundi mashuhuri wa kukata picha na kuziunganisha mpaka zikawa picha mpya.

Lakini historia hiyo ina upande wake wa uchungu. Mwanzoni mwa karne ya 20, picha za wanawake wa Unguja na Mombasa zilipigwa chapa kwenye kadi za posta zikauzwa kwa wasafiri. Kadi hizo zilikwenda Ulaya, zikaandikwa salamu mgongoni na watu wasiowajua wanawake wale. Aghalabu hata jina la aliyepigwa picha halikutajwa. Akaitwa tu "mwanamke wa Kiswahili". Huyo alikuwa binti wa mtu na mama wa mtu, lakini picha yake ilikuwa haina mwenyewe.

Je, hali yetu ya leo ina tofauti gani? Siku za filamu, msururu mmoja ulitoa picha 36, na mpiga picha alikaa na negativu zake ndani ya sanduku. Leo katika usiku mmoja wa kupamba hupigwa picha mamia kwa mamia. Zinatoka kwenye kamera zikaingia kwenye kompyuta, kutoka hapo zikapelekwa kwa mchapishaji mjini, na njiani kila mtu anaweza kubaki na nakala. Tunawajua jamaa ambao binti yao alipigwa picha akiwa kichwa wazi, mikono imejaa hina, katika ukumbi uliofungwa kwa wanawake watupu. Mwezi haukwisha picha zile zikaonekana mtandaoni, mpiga picha akizitumia kujitafutia wateja wapya. Alipoulizwa alijibu kwamba picha ni kazi ya mikono yake. Binti yule alilia, mumewe akakasirika, na wazazi wa pande mbili wakaanza kutupiana lawama kwa kosa lisilokuwa lao.

Sisi tunasema jibu la mpiga picha yule si sahihi, si kwa dini wala kwa sheria.

Kwa dini, Sura ya Nnur, aya ya 31, imekwisha kueleza ni nani wanaoruhusiwa kuona mapambo ya mwanamke. Na Sura ya Nnisaa, aya ya 58, inatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe. Maulamaa wamehitilafiana juu ya picha ya kamera. Wako walioikataza, na wako walioiruhusu, kama vile Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri. Hatutaki kuingia katika hitilafu hiyo. Lakini hatudhani kuna mwanachuoni atakayesema kwamba aliyepewa amana anaweza kuitandaza sokoni.

Kwa sheria, Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo inazihesabu picha za mtu kuwa katika habari zake binafsi, zisizotumiwa kibiashara bila ya idhini yake. Wala hii si sheria ya kwenye karatasi tu. Mwaka wa 2023 skuli moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ruhusa ya wazazi, na mahali pamoja pa starehe pakatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali.

Wako watakaosema kwamba albamu ni mambo ya kale, na kwamba simu inatosha. Tunawauliza: simu ya mwaka juzi iko wapi? Imeibwa katika matatu, au imeanguka majini, au imeuzwa na picha zake ndani. Wazee walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Wako pia watakaosema kwamba albamu ya mkono ni ghali. Ni kweli si rahisi, lakini ipime na gharama ya ukumbi, mapambo na biriani. Ukumbi unarudishwa usiku ule ule, na biriani haifiki asubuhi. Tena si lazima albamu ijae mamia ya picha. Hamsini zilizochaguliwa na mama, somo na bibi arusi wakiwa wamekaa pamoja zitasimulia arusi vizuri zaidi kuliko elfu moja zisizotazamwa na mtu.

Kwa hiyo tunatoa shauri. Wazazi wanaotafuta mpiga picha wasiulize bei peke yake. Waulize nani atakayeingia chumba cha wanawake, picha zitachapwa wapi, na zitakazobaki zitafanywa nini. Majibu hayo yaandikwe na kutiwa sahihi kabla ya siku ya arusi, kama inavyoandikwa mahari. Na wapiga picha wetu, wanawake kwa wanaume, wakitaka kuonyesha wateja kazi yao, watengeneze albamu ya mfano yenye picha za watu waliokubali, au za mapambo, hina na mavazi bila ya nyuso. Fundi yule wa Njiru ndivyo afanyavyo, na hatukusikia kwamba anakosa kazi.

Vijana wetu wanaotafuta riziki nao waitazame kazi hii. Kamera kila mtu anayo mfukoni, lakini mtu wa kukata kadibodi, kushona kurasa na kutunza siri za watu hapatikani kila mtaa.

Tulipoaga Njiru jioni ile, yule mama aliirudisha albamu ya wanaume sebuleni juu ya kabati. Ile nyingine ilikuwa imefungiwa sandukuni, ikingojea wajukuu wa kike ambao bado hawajazaliwa. Siku moja watakaa kitandani na nyanya yao, waifungue, waulize huyu ni nani na huyu ni nani, na kila uso utatajwa kwa jina lake.