Filamu Ziwafuate Wazazi Wanaongoja

Katika nchi nyingi familia ya mateka huongoja sauti ya mtekaji, kwani yeye hudai fidia, nayo serikali hujua wa kuzungumza naye. Katika Kanda ya Ziwa mtekaji hasemi neno. Desemba 2014 mtoto wa miaka minne mwenye ualbino alinyakuliwa wilayani Kwimba, asionekane tena. Februari 2015 mwingine, wa mwaka mmoja, aliporwa mikononi mwa mama yake huko Chato, mkoani Geita. Mama alikatwa panga; mwili wa mtoto ukapatikana siku chache baadaye. Nyuma ya unyama huo yumo mganga mlaghai anayemwahidi mchimbaji dhahabu utajiri kwa viungo vya binadamu.

Filamu ya Harry Freeland ya mwaka 2012, In the Shadow of the Sun, ilimfuata Josephat Torner, mwenyewe mwenye ualbino, akienda vijijini kukabiliana na imani hiyo. Kazi hiyo ni njema, lakini iendelezwe. Kamera isimame pia kwenye lango la kituo cha Buhangija, Shinyanga, walikokusanywa watoto kwa usalama wao, kisha imfuate mzazi anayerudi nyumbani peke yake. Mtoto wake yu hai, lakini kitanda ni kitupu.

Wala filamu hizo zisiishie kupigiwa makofi ughaibuni. Zioneshwe machimboni na shuleni, mwalimu akiongoza mjadala, naye mtendaji wa kata akisikiliza. Ukuta wa kituo humlinda mtoto. Jirani aliyeelimika humrudisha kwao.