Walitaka Kucheza, Lakini Hawakuamua

Kuna hoja moja ambayo mashabiki wa futiboli ya vyuo vya Marekani hawajachoka kuitoa tangu mwaka 2020. Ukiwauliza kama ilikuwa haki kuchezesha msimu wakati korona inaua maelfu ya watu kila wiki, watakujibu kwamba vijana wenyewe walitaka. Hakuna aliyewashikia fimbo. Waliomba, wakasikilizwa, wakacheza, na mambo yakaisha salama. Wanaoisema hoja hii ni watu wenye huruma na akili timamu, wazazi ambao wasingekubali mtoto wao apelekwe mahali pa hatari bila yeye kuwa na neno. Hata hivyo wanajidanganya. Kwamba vijana walitaka kucheza, hilo ni kweli kabisa. Uongo ni kudai kwamba kutaka kwao ndiko kulikoleta uamuzi.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, nazungumzia ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ambao timu za wanafunzi huucheza katika viwanja ambavyo vingine vinaingiza zaidi ya watu 100,000. Wachezaji wengi wana umri wa miaka 18 hadi 22, na karibu nusu yao katika daraja la juu ni Weusi. Mwaka 2020 kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilikuwa zinawakataza kulipwa chochote zaidi ya gharama za masomo na kujikimu. Kocha wa Clemson, Dabo Swinney, alikuwa ameshasaini mwaka mmoja kabla mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 93. Vyuo vingi vya ligi ya Big Ten vilikuwa vinapokea zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka kila kimoja kutoka kwenye mfuko wa ligi, sehemu kubwa ikiwa ni fedha za televisheni.

Kumbuka pia jinsi vyuo vilivyoingia katika mwaka huo. Tarehe 12 Machi NCAA ilifuta mashindano yake makubwa ya mpira wa kikapu, na mgao wake kwa vyuo vya daraja la kwanza, uliotarajiwa kuwa dola milioni 600, ukashuka hadi milioni 225. Kama na futiboli ingekufa, idara za michezo zingefikwa na maji shingoni. Hofu hiyo ilikuwapo mezani muda mrefu kabla mchezaji yeyote hajasema anataka au hataki.

Sasa tuje kwenye kile ambacho vijana walikisema, kwa sababu hapa ndipo kumbukumbu ya mashabiki inapokata kipande na kutupa kilichobaki. Tarehe 2 Agosti 2020 wachezaji wa ligi ya Pac-12, iliyoko magharibi, walitangaza kwamba hawatacheza mpaka wapewe kinga za afya zinazosimamiwa na mtu asiye mwajiriwa wa chuo, hatua dhidi ya ubaguzi wa rangi, na nusu ya mapato ya mchezo wao. Siku tatu baadaye wenzao wa Big Ten wakatoa madai yao ya afya. Usiku wa tarehe 9 Agosti, tetesi za kuahirishwa kwa msimu zilipopamba moto, nyota kadhaa wakiwamo Trevor Lawrence wa Clemson na Justin Fields wa Ohio State walikutana kwa mtandao na wenzao wa Pac-12, wakatoa tamko moja. Sentensi ya kwanza ilisema wanataka kucheza. Zilizofuata zilitaka kanuni za afya zinazofanana kwa ligi zote, haki ya kujitoa bila kuadhibiwa, uhakika wa kutopoteza mwaka wa kucheza, mawasiliano ya wazi na viongozi, na mwishowe chama cha wachezaji.

Kesho yake Rais Donald Trump aliusambaza ujumbe wa kutaka futiboli ichezwe. Makocha nao wakaunga mkono. Sentensi ya kwanza ikawa wimbo wa taifa zima, na ile ya mwisho ikasahaulika. Chama kilikuwa ndicho dai pekee ambalo lingewapa wachezaji njia ya kuhakikisha mengine yanatekelezwa, na hakuna ligi hata moja iliyokitambua.

Nani basi aliamua? Kumbukumbu za mahakama zinatupa jibu. Wachezaji wanane wa Nebraska waliishtaki Big Ten mwezi huo huo, na katika nyaraka za kesi ikafahamika kwamba wakuu wa vyuo 14 walipiga kura 11 kwa 3 kuahirisha msimu, uamuzi uliotangazwa tarehe 11 Agosti. Tarehe 16 Septemba wakuu wale wale, safari hii wote 14, wakageuza shauri na kurudisha msimu. Katikati ya kura hizo mbili Fields alikusanya saini zaidi ya 300,000, wazazi waliandamana, Trump alimpigia simu kamishna wa Big Ten, Kevin Warren, na ligi za SEC, ACC na Big 12 zilisonga mbele na ratiba zao. Vipimo vya haraka vya kila siku navyo vilipatikana, na sitalidharau jambo hilo, maana lilikuwa badiliko la kweli. Lakini katika kura ya kwanza na ya pili hakuna mchezaji aliyekuwa na kura. Waliotaka kucheza walikataliwa Agosti bila kuulizwa, wakaruhusiwa Septemba bila kuulizwa. Matakwa yao yalikuwa yale yale mara zote mbili.

Mashabiki husema kila aliyeogopa aliruhusiwa kujitoa. Ni kweli kwamba NCAA iliagiza tarehe 5 Agosti kwamba anayejitoa kwa sababu ya korona asinyang'anywe ufadhili wa masomo, na baadaye mwezi huo ikampa kila mchezaji mwaka wa ziada. Siku hiyo hiyo ya tarehe 5 ilibidi pia ivipige marufuku vyuo kuwataka wanafunzi wasaini karatasi za kuvisamehe endapo wataugua, na marufuku ya namna hiyo haitolewi pasipo watu waliokwishaanza kuzisambaza karatasi. Lakini tazama majina ya waliojitoa na kubaki nje. Micah Parsons wa Penn State, Ja'Marr Chase wa LSU, Penei Sewell wa Oregon. Miezi minane baadaye timu za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, zilimchukua Chase akiwa wa tano nchi nzima, Sewell wa saba na Parsons wa 12. Caleb Farley wa Virginia Tech, aliyekuwa amempoteza mama yake kwa saratani na akasema hawezi kuhatarisha kumpoteza na baba, alikuwa wa 22. Hawa waliweza kusema hapana kwa sababu mamilioni yao yalikuwa yanawasubiri mlangoni. Mchezaji wa akiba wa mwaka wa pili, anayepigania nafasi na wenzake watatu, hana mlango huo. Agizo la NCAA linalinda ada yake. Halimlindi mbele ya kocha atakayepanga kikosi mwakani, na kila kijana aliyewahi kukaa benchi anajua hilo bila kuambiwa.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ilitolewa na Nick Saban wa Alabama, kocha aliyefanikiwa kuliko wote wa zama zake. Alisema wachezaji wako salama zaidi chini ya uangalizi wa timu kuliko wakirandaranda huko kwao. Hii siipuuzi. Wapo vijana waliotoka katika nyumba zilizobanana, mitaa isiyo na zahanati, na kwao chuo kilikuwa na daktari, chakula na kipimo. Kwa baadhi yao Saban alisema kweli tupu.

Lakini kama usalama ndio ulikuwa shabaha, basi mambo yaliyotokea North Carolina hayaelezeki. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill kilifungua madarasa tarehe 10 Agosti. Baada ya wiki moja maambukizi yalikuwa yamesambaa katika mabweni, na chuo kikahamishia masomo yote ya shahada ya kwanza kwenye intaneti na kuwataka wanafunzi wengi waondoke. Timu ya futiboli ilibaki, na tarehe 12 Septemba ikacheza mechi yake ya kwanza. Darasa la historia lenye watu 30 waliokaa mbalimbali na kuvaa barakoa lilihesabiwa kuwa hatari. Mchezo wa kukumbatiana na kuangushana, watu wakipumuliana usoni kwa saa tatu, ukaendelea. Na pale LSU, kocha Ed Orgeron aliwaambia waandishi katikati ya Septemba kwamba wengi wa wachezaji wake walikuwa wameshaambukizwa. Msimu wao ulikuwa haujaanza. Huo ndio uangalizi uliokuwa unasifiwa.

Hapa mashabiki hunikumbusha kuhusu moyo, na wana haki. Septemba ile watafiti wa Ohio State walichapisha matokeo ya wanamichezo 26 waliopona korona. Picha za MRI za wanne zilionyesha dalili za uvimbe wa misuli ya moyo. Taharuki ikawa kubwa. Mwaka uliofuata takwimu pana za Big Ten, za wanamichezo karibu 1,600, zilikuta tatizo hilo kwa asilimia 2.3 tu. Hofu ilipungua, namshukuru Mungu. Ila mpangilio wa tarehe haubadiliki. Takwimu za kutuliza hofu zilichapishwa mwaka 2021, na miili ya vijana iliingizwa uwanjani mwaka 2020, wakati jibu halijulikani. Kwamba hatari ilikuja kuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa hakumsafishi aliyewatanguliza wengine waipime.

Na msimu wenyewe ulikuwaje? Zaidi ya mechi 100 zilifutwa au kuahirishwa. Tarehe 10 Oktoba kocha wa Florida, Dan Mullen, baada ya kufungwa na Texas A&M, alisema anataka watu 90,000 waujaze uwanja wake katika mechi ya wiki iliyofuata dhidi ya LSU. Mechi hiyo haikuchezwa wiki iliyofuata. Maambukizi yalizagaa katika timu yake, ikaahirishwa hadi Desemba, na Mullen mwenyewe akakutwa na virusi. Lawrence, aliyekuwa uso wa vuguvugu la kutaka kucheza, aliugua mwishoni mwa Oktoba, akazikosa mechi mbili. Ya pili, tarehe 7 Novemba, Clemson walifungwa na Notre Dame 47 kwa 40 katika muda wa nyongeza, na maelfu ya wanafunzi wakamiminika uwanjani kushangilia, bega kwa bega.

Kisha zikaja kanuni zilizopinda kila fedha ilipozisukuma. Big Ten ilikuwa imeweka sharti kwamba timu icheze angalau mechi sita ndipo iingie fainali ya ligi. Ohio State, timu yake yenye nafasi nzuri zaidi ya kutwaa ubingwa wa nchi, ilicheza tano kwa sababu ya korona. Tarehe 9 Desemba ligi ililifuta sharti lake yenyewe. California ilipokataa watazamaji, hata familia za wachezaji, katika nusu fainali ya Rose Bowl, mechi hiyo ambayo nyumbani kwake ni Pasadena ilihamishiwa Arlington, Texas. Marekani ilikuwa imeshavuka vifo 300,000. Tarehe 11 Januari 2021, katika fainali ya ubingwa wa nchi, Alabama waliwafunga Ohio State 52 kwa 24 karibu na Miami, mbele ya watu wapatao 15,000.

Siandiki haya kwa chuki ya mchezo. Kijana aliyeamka alfajiri tangu ana miaka kumi ili siku moja avae jezi ya chuo chake ana haki ya kuitamani siku hiyo hata katikati ya ugonjwa, na tamaa yake ni safi. Ninachokipinga ni watu wazima kuichukua tamaa hiyo na kuzificha nyuma yake hesabu zao wenyewe. Mchimba madini anayetaka kazi hamwondolei mwenye mgodi wajibu wa kuimarisha shimo, wala hatusemi kwamba yeye ndiye aliyeamua shimo lichimbwe wapi.

Tena wachezaji walikuwa wameshajaribu kupata sauti ya kweli. Mwaka 2014 wale wa Northwestern walipiga kura ya kuunda chama cha wafanyakazi. Chuo kilikata rufaa, na mwaka 2015 bodi ya kazi ya serikali ikakataa kulisikiliza shauri, kura zikabaki bila kuhesabiwa. Ndiyo maana Agosti 2020 haikukuta meza yoyote ambayo mchezaji angeketi mkabala na kamishna. Ingekuwapo, huenda wangechagua kucheza vile vile. Wachezaji wa NFL na wa NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu, walicheza mwaka huo, lakini vyama vyao vilijadiliana kwanza kuhusu vipimo, mishahara na haki ya kujitoa, na makubaliano yakaandikwa. Msimu wa aina hiyo ningeutetea kwa moyo wote.

Tangu hapo fedha zimeanza kuwafikia. Julai 2021 waliruhusiwa kuuza majina na sura zao kwa matangazo, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Kiwango hicho hakikupangwa mezani na chama chochote cha wachezaji. Kilifikiwa na mawakili katika kesi. Janga jingine likija mwakani, wakuu wa vyuo watapiga kura tena, na vijana watasubiri matokeo kama walivyosubiri mwaka 2020.