Saratani ya ini: Kinachoamua nani ataishi baada ya upasuaji

MGONJWA wa saratani ya ini anapoambiwa kwamba uvimbe wake unaweza kukatwa, ndugu hushusha pumzi na kuanza kuchangishana fedha. Wachache huuliza swali la pili: akishakatwa, ataishi muda gani?

Jibu la madaktari bingwa wa ini halipendezi. Sehemu kubwa ya hatima ya mgonjwa huwa imeshaamuliwa kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Cha kwanza ni uvimbe wenyewe. Mwenye uvimbe mmoja mdogo ana matumaini makubwa kuliko mwenye uvimbe kadhaa. Hatari zaidi ni saratani kuingia katika mishipa ya damu, hata ile midogo inayoonekana kwa hadubini tu, kwani hapo mbegu za ugonjwa huwa zimeshatawanyika ambako kisu hakifiki.

Cha pili, ambacho ndugu wengi hawakijui, ni hali ya sehemu ya ini inayobaki. Ini zima lina uwezo wa ajabu wa kukua tena. Laweza kukatwa hadi theluthi mbili na mtu akapona. Lakini saratani hii kwa kawaida huota kwenye ini lililokwisha kuharibiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B au C, pombe, au sumukuvu ya mahindi na karanga. Ini lililojaa makovu halina akiba. Ndiyo maana daktari hupima kwanza manjano, protini na kuganda kwa damu, na kuangalia kama tumbo limejaa maji. Majibu yakiwa mabaya, upasuaji unaweza kumuua mgonjwa mapema kuliko saratani yenyewe.

Hata uvimbe ukiondolewa wote, wagonjwa wanaofikia 70 kati ya 100 hurudiwa na saratani ndani ya miaka mitano, kwa kuwa ini lililoiotesha bado limo tumboni. Kupandikiza ini jipya huondoa vyote viwili: mwaka 1996, madaktari wa Milan, Italia, walionyesha kwamba wagonjwa wenye uvimbe mdogo waliopandikizwa ini, robo tatu yao walikuwa hai baada ya miaka minne. Kwa Mtanzania au Mkenya wa kawaida, hiyo ni habari ya mbali.

Iliyo karibu ni dawa ya virusi. Mgonjwa mwenye homa ya ini aina ya B anayetumia tenofovir baada ya upasuaji hupunguza uwezekano wa saratani kurudi. Dawa hiyo si ngeni katika kliniki zetu. Ni sehemu ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Inashangaza kwamba ndugu huuza shamba kulipia upasuaji, kisha hakuna anayeuliza habari za kidonge.

Tatizo kubwa zaidi ni kuchelewa. Utafiti wa nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania na Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba Misri, wagonjwa wapatao robo tatu walipata tiba ya saratani hiyo na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 10. Katika nchi nyingine nane, waliotibiwa walikuwa watatu tu kati ya 100, na nusu walifariki ndani ya miezi miwili na nusu. Umri wao wa kati ulikuwa katika miaka ya arobaini, umri wa watu wenye familia zinazowategemea.

Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini aina ya B mwaka 2001, Tanzania mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo ndio watu wazima wa leo, na wengi hawajawahi kupimwa. Aliyegundulika na virusi, hasa mwenye makovu kwenye ini, anapaswa kufanyiwa ultrasaundi kila baada ya miezi sita, ili uvimbe uonekane ungali mdogo. Maumivu chini ya mbavu za kulia yakianza, mara nyingi wakati wa kukata umeshapita.