Ziwa Si Uwanja wa Starehe



Wapo wasemao kwamba uvuvi wa burudani haumdhuru mtu. Ziwa Victoria linawakanusha. Katika miaka ya 1950, maofisa wa serikali ya kikoloni ya Uganda walipandikiza sangara humo. Walitaka kuongeza mavuno, na pia kuwapatia wavuvi wa ndoano samaki mkubwa wa kushindana naye. Wataalamu walionya, hawakusikilizwa. Kazi ilianza kimyakimya.

Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ameenea ziwa zima, na aina nyingi za furu, zisizopatikana kwingineko duniani, zilikuwa zimetoweka. Furu alianikwa juani tu. Sangara, kwa wingi wa mafuta yake, huhitaji moshi, na moshi huhitaji kuni. Hivyo hata miti ikalipia uamuzi ule.

Watatujibu kwamba sangara ameleta ajira na fedha. Ni kweli. Lakini apandaye mbegu ngeni katika shamba la jirani bila kumwuliza amemdhulumu, hata kama mbegu hiyo itazaa.

Kwa hiyo tunadai: asipandikizwe samaki mgeni mtoni wala ziwani, kwa biashara au kwa mchezo, bila uchunguzi wa wazi na ridhaa ya wenyeji. Naye mwenye ndoano ya starehe abanwe na sheria ile ile inayombana mwenye mtumbwi.

Viongozi wa walei, lifikisheni jambo hili kwenye mikutano ya vijiji vyenu mapema. Maji yakimwagika hayazoleki.