Chumvi Siyo Dawa ya Bwawa

"Mwaga na huo."

Amri hiyo niliisikia Mbezi Beach, mwezi wa Januari, jua la kaskazi likiwa utosini. Mbele yetu kulikuwa na bwawa la kuogelea la nyumbani, maji yake kijani kama rojo la kisamvu. Mzee mwenye nyumba alikuwa amekaa barazani. Kijana anayetunza bwawa alisimama ukingoni na mfuko wa chumvi wa kilo 50 begani, wa tatu kwa wiki ile.

"Shikamoo mzee. Kabla hajaumwaga, naomba nipime maji."

"Marahaba, mwanangu. Utapima nini tena? Mashine yenyewe inaandika chumvi haitoshi."

Nikapima. Chumvi ilikuwa gramu 5.6 kwa lita, wakati mashine ile inataka kati ya 3 na 4. Klorini haikuwepo: matone ya kupimia hayakubadilika rangi hata kidogo. pH ilikuwa 8.2. Maji yale yalikuwa na chumvi tele, na hayakuwa na dawa hata chembe.

Imani iliyoleta hali ile imeenea pwani nzima, majumbani na kwenye nyumba za wageni: kwamba bwawa la chumvi halina klorini, kwamba chumvi ndiyo inayosafisha maji, na kwa hiyo maji yakiharibika tiba ni chumvi zaidi. Imani hii ni ya uongo toka mwanzo hadi mwisho. Inakula fedha, inamwaga maji, na inahatarisha watoto.

Tuanze na chumvi yenyewe. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, mara kumi ya bwawa la chumvi. Kama chumvi ingeua mwani, jamii ya viumbe vinavyogeuza maji ya bwawa kuwa kijani, akina mama wa Paje na Jambiani wasingekuwa na cha kuvuna, maana mwani wao unastawi humo humo baharini. Itakuwaje basi gramu tatu au nne ziangamize viumbe ambavyo gramu 35 zinavilea?

Chumvi ni malighafi tu. Dawa inatengenezwa ndani ya mashine. Humo mna mabamba ya titaniamu, na maji ya chumvi yanapopita katikati yake, umeme huigeuza chumvi kuwa klorini. Klorini hiyo ni ndugu wa damu wa jiki unayofulia mashuka. Ikishafanya kazi yake, hurudi kuwa chumvi, na mzunguko ukaanza upya. Kwa hiyo mwenye bwawa la chumvi hajaikimbia klorini. Amejenga kiwanda kidogo cha klorini nyuma ya nyumba yake, na kiwanda hakiendeshwi kwa kurundika malighafi mlangoni.

"Lakini mashine imeandika," mzee alisisitiza. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mashine nyingi haziionji chumvi. Hupima jinsi umeme unavyopita kati ya mabamba, kisha hukadiria. Mabamba yakivaa ukoga mweupe wa chokaa, kama ule unaoganda ndani ya birika, umeme hupita kwa shida na mashine hudhani chumvi imepungua. Mabamba yaliyochakaa kwa miaka ya kazi huleta ujumbe huo huo. Taa ya "chumvi kidogo" maana yake ni kwamba umeme haupiti sawasawa, na sababu ni juu yako kuitafuta.

Tupige hesabu ya kosa hili. Bwawa lile lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita moja na nusu, yaani lita 48,000. Kilo 170 hivi za chumvi zinalitosha. Mifuko miwili ya ziada iliongeza gramu mbili kwa kila lita. Ukishaizidisha chumvi hakuna dawa ya kuipunguza. Jua hukausha maji na kuiacha chumvi palepale; hutoka pale tu maji yenyewe yanapotoka, kwa kuvuja, kufurika kwa mvua au kusafisha chujio. Ili kurudi gramu 3.5, mzee alitakiwa kumwaga lita 18,000. Hayo ni karibu magari mawili ya maji ya lita 10,000, katika jiji ambalo kuna watu wanaoamka alfajiri kupanga ndoo. Sioni haya kusema kwamba hiyo ni dhambi.

Kulikuwa na njia nyingine, na siyo siri. Unaanza kwa kupima klorini na pH, kwa sababu pH ikipanda klorini inalegea: kwenye 7.5, karibu nusu yake ina makali, na kwenye 8 inabaki kama robo. Mashine ya chumvi yenyewe hupandisha pH kila siku, hivyo lazima mtu aishushe kwa asidi. Halafu unatazama pampu. Mashine hutengeneza klorini pampu ikiwa inazunguka tu, na chujio likijaa uchafu maji hupungua kasi na mashine hujizima. Kisha unauliza habari za jua, ambalo hula klorini isiyo na kinga kwa saa chache. Kinga yake ni asidi ya sianuriki, nayo hupimwa vilevile. Baada ya hapo unafungua mabamba na kuyaosha kwa asidi iliyozimuliwa, ukimimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi, na bila kuyakwangua kwa chuma. Chumvi inapimwa baada ya haya yote, na kununua mashine mpya ni jambo la mwisho kabisa.

Wanaolipenda bwawa la chumvi wana hoja yao, nami naiheshimu. Maji yake ni laini machoni, na hakuna kubeba madumu ya klorini kila wiki. Ni kweli. Ila ulaini huo unatokana na klorini inayotolewa kidogo kidogo, bila kupanda na kushuka. Kiwanda kikisimama, raha hiyo inaondoka, na bwawa la chumvi linakuwa dimbwi kama madimbwi mengine.

Na dimbwi linaumiza watu. Katika maji ya nyuzi 25, yenye pH 7.5, miligramu moja ya klorini kwa lita huua bakteria hatari wa E. coli kwa chini ya dakika moja. Kirusi cha homa ya ini aina ya A huchukua kama dakika 16, na kijidudu cha giardia dakika 45. Hizo ni hesabu za maji yenye klorini. Pasipo klorini, mtoto anayemeza funda moja la maji hana mlinzi. Tena kuna hatari isiyohitaji kijidudu: mtoto akizama kwenye maji yaliyochafuka, hata mtu mzima aliyesimama hatua mbili kutoka kwake hamwoni. Kama huoni sakafu ya bwawa lako, mtu yeyote asiingie humo.

Nilipokuwa naondoka, yule kijana alinisindikiza hadi getini. "Kaka," aliniambia kwa sauti ya chini, "tangu muda wa pampu upunguzwe, ikawa inafanya kazi kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, ili uniti za LUKU zisiishe haraka, maji hayajatulia. Nilitaka kusema, ila waliniambia kazi yangu ni kufagia majani."

Alikuwa na jibu siku zote. Kwa muda huo wa saa tatu, mashine ilitengeneza klorini kiduchu usiku, na jua lilikuwa limeimaliza kabla ya mchana. Asubuhi ya tatu maji yakawa kijani, na watu wakamtwisha chumvi mtu pekee aliyejua kwamba tatizo halikuwa chumvi.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila mwenye bwawa ni hili. Usinunue mfuko mwingine kabla ya kununua kifaa cha kupimia maji. Kikabidhi kwa anayeyashika maji hayo kila asubuhi, mfundishe kukitumia, mpe daftari la kuandika vipimo. Halafu akikuambia pampu iongezwe saa, msikilize.