Mgeni Huondoka, Ujuzi Ubaki

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli. Lakini mgeni huondoka. Akiondoka na ujuzi wake, mgonjwa wa kesho atatibiwa na nani?

Nazungumzia watoto wenye ugonjwa wa moyo. Wengine huzaliwa na tundu ndani ya moyo. Baadhi ya matundu madogo huziba yenyewe. Makubwa mara nyingi huhitaji kupasuliwa. Zamani watoto wetu wengi walipelekwa India. Safari ilikuwa ya gharama kubwa. Madaktari wa nje nao walikuja hapa kwa siku chache, wakatibu, wakarudi kwao. Tunawashukuru. Lakini mimi nasema, msaada ulio bora ni kufundisha.

Tazama mfano huu. Huko Holon, nchini Israeli, kuna chama kiitwacho Save a Child's Heart. Kilianzishwa mwaka 1995. Hutibu watoto wa nchi nyingi, tena hufundisha madaktari na wauguzi wa nchi hizo. Daktari Godwin Godfrey wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, alikwenda huko kusomea upasuaji wa moyo wa watoto. Alikaa miaka, si wiki. Kisha alirudi nyumbani. Alifanya kazi hiyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Anatakiwa daktari wa usingizi. Anatakiwa mtu wa kuendesha mashine inayozungusha damu moyo unaposimamishwa. Wanatakiwa wauguzi wa kukesha na mtoto. Hao wote wafundishwe.

Na sisi wa vijijini? Kazi huanzia kwetu. Nililetewa mtoto wa miezi minane. Alikuwa amekatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi. Mimi nami nilimpa dawa ya kikohozi, wala sikusikiliza moyo wake. Kumbe ulikuwa moyo. Alifika hospitali kubwa amechelewa. Hakupona. Najuta mpaka leo.

Ndugu mzazi, mtazame mtoto wako. Je, huchoka na kutoka jasho anaponyonya? Hupumua haraka? Haongezeki uzito? Midomo yake ina rangi ya buluu? Usimpeleke kukatwa kimeo. Mlete zahanati siku hiyo hiyo. Nasi waganga wa zahanati tufundishwe kuusikiliza moyo. Mtaalamu aliyesomea mbali hawezi kumponya mtoto ambaye hatukumfikisha kwake.